Kutoka Lodwar Hadi Nadapal, Kupitia Uwanja wa Loki

Nilikuwa sijawahi kuvuka Lodwar kuelekea kaskazini. Tuliondoka alfajiri ili jua lisitukute mbali na maji. Kakuma hatukukaa: tulivuka Mto Tarach, mchanga mtupu, tukaipita kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992 na kile kiwanja kidogo cha ndege kinachotegemewa sana na mashirika ya misaada. Kutoka hapo, zamani magari yalikwenda kwa msafara, yakilindwa na askari kwa hofu ya majambazi.

Lengo langu lilikuwa Lokichoggio, au Loki kama wenyeji wanavyoiita, chini ya milima ya Mogila. Mwaka 1989, vita vikiendelea Sudan, Umoja wa Mataifa ulikubaliana na serikali ya Khartoum pamoja na waasi wa kusini, SPLA, kwamba chakula kiwafikie raia wa pande zote mbili. Operesheni hiyo, Operation Lifeline Sudan, ilikifanya kijiji hiki cha wafugaji kuwa lango la kusini mwa Sudan. Ndege aina ya Hercules, yenye uwezo wa kubeba takriban tani 16, ilipaa hapa na kwenda kumwaga magunia ya nafaka kutoka angani, bila miavuli, mahali ambapo hapakuwa na barabara wala pa kutua.

Mzee mmoja aliyekuwa mpakiaji alinionyesha yalikopangwa magunia. "Mwanangu, hapa hatukulala," aliniambia. Lakini ruhusa ya kuruka ilitoka Khartoum. Mapema mwaka 1998, njaa ilipokuwa ikiua watu Bahr el Ghazal, kusini mwa Sudan, serikali hiyo ilisimamisha safari za ndege kwenda huko. Chakula kilikuwapo, ndege zilikuwapo, na watu wakafa. Katika yote niliyoyasikia Loki, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ndege zilizorudi zilileta majeruhi. Walitibiwa Lopiding, hospitali iliyofunguliwa na Msalaba Mwekundu mwaka 1987. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005, mashirika yalianza kuhamia Juba, na mwaka uliofuata Msalaba Mwekundu ukaikabidhi hospitali hiyo kwa serikali ya Kenya. Ajira zikaondoka na ndege. Siku niliyofika, njia ya kurukia ilikuwa kimya, lami yake ikimeremeta kwa joto.

Kutoka Loki niliendelea hadi Nadapal, kituo cha mpaka wa Kenya na Sudan Kusini: malori, madereva wanaosubiri karatasi, na vumbi.

Ninachowaomba wakuu wa Nairobi na wa kaunti ni hiki: uwanja uliowahudumia majirani wakati wa vita uwahudumie Waturkana wakati wa amani. Kutoka Loki hadi hospitali ya rufaa ya Lodwar ni zaidi ya kilomita 200. Mgonjwa mahututi anastahili ndege, na njia ya kurukia tayari ipo.