Picha 72 za bibi

Wadau, mnaouliza hiki kidude ninachotembea nacho hapa Mlimani: ni Olympus Pen EE ya marehemu mjomba, aina iliyotoka 1961. Haina betri. Seli ya seleniamu inayozunguka lenzi ndiyo inapima mwanga. Mwanga usipotosha, kibendera chekundu kinajitokeza dirishani na kamera inagoma, kama konda akiona mwanafunzi!

Utamu wake ni nusu fremu, milimita 18 kwa 24. Mkanda wa picha 36 unakupa 72. (Pentax walitoa ya kwao mwaka 2024, dola 500 hivi. Tuachane nayo.)

Sasa, bibi wa Mwananyamala macho yanamwisha. Picha za simu hazitaki, anataka karatasi aishike, aisogeze mpaka puani. Mkanda ninao mmoja tu, na kusafisha ni kuhangaika. Marafiki wanasema niutunze kwa mahafali. Thubutu!

Jumamosi nimepiga tisa: ungo wake, mlango, majirani wakisukana barazani. Ya kumi wingu likatanda, kibendera kikapanda.

“Mjukuu wangu, si tungoje jua?”

Tukangoja.