Kitufe Kisichojulikana

Kompyuta yetu ya Linux, yenye hesabu zote za upatu, ilijaa onyo moja kwenye kumbukumbu za mfumo: kitufe kisichojulikana kimebonyezwa. Fundi akasema ni virusi, tufute kila kitu. Tukasita, ile ni amana ya watu.

Kumbe kila kitufe hutuma namba, na namba ya kitufe cha mwanga wa skrini haikuwamo kwenye orodha ya mfumo. Onyo lenyewe lilitaja namba hiyo, pamoja na amri ya kukitambulisha: setkeycodes. Tukaitumia, onyo likakoma. Kompyuta ikizimwa, amri hurudiwa.

Mwenyezi Mungu alimfundisha Nabii Adam majina ya vitu vyote. Kina dada, tusome kwanza kabla ya kufuta.