Mama Aliniuliza, "Nilikubali Nini?"

Ndugu msomaji, nataka kukusimulia kosa langu, ili wewe usilirudie.

Mwaka 2018 mama yangu aliugua mguu kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Kidonda kilikuwa kibaya, nasi tukampeleka hospitali. Asubuhi moja akaja mwuguzi na karatasi ya Kiingereza, akasema, "Mama, tia kidole gumba hapa." Mama hajui kusoma, basi akanitazama mimi mwanawe niliyepelekwa shule. Nami niliona haya kumwuliza mwuguzi, maana alikuwa na wagonjwa wengi. Nikamwambia, "Tia tu, mama." Akatia.

Alipozinduka, vidole vitatu vya mguu havikuwapo. Hakulia wala hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, nilikubali nini?" Nikakosa la kujibu.

Simlaumu daktari kwa kukata. Yamkini ndiko kulikomwokoa mama. Lakini mguu ulikuwa wake, naye akawa wa mwisho kupata habari zake.

Baadaye nilijifunza kwamba hapa kwetu Kenya jambo hili limeandikwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema kwamba mgonjwa aambiwe hali yake, njia za kumtibu, faida zake, hatari zake na gharama zake. Aambiwe pia kwamba anaweza kukataa, na kukataa huko kutamletea nini. Tena aambiwe kwa lugha anayoielewa, kwa kadiri ya elimu yake. Kumbe kutojua kusoma kwa mama hakukuwa sababu ya kumnyamazia, bali sababu ya kumweleza zaidi!

Ni kweli, yuko mgonjwa asiyeweza kungojewa. Mtu amezimia, na kukawia ni kufa: huyo atatibiwa kwanza. Nayo Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Na aliyetendewa visivyo anayo haki ya kupeleka malalamiko yake yachunguzwe.

Lakini, msomaji, tusishike upande mmoja tu. Sheria hiyo hiyo inamtaka mgonjwa aseme kweli juu ya ugonjwa wake, na awaheshimu wanaomtibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukimficha daktari dawa ulizokunywa nyumbani, atakusaidiaje? Kuuliza kwa adabu si utovu wa heshima. Mwuguzi amechoka, ndiyo. Lakini maneno machache kabla ya kisu hupunguza machozi mengi baada yake.

Mwaka jana mama alitakiwa kupasuliwa mtoto wa jicho. Karatasi ikaletwa tena. Mama akaficha mkono ndani ya kanga, akasema, "Daktari, mwanangu, nieleze kwanza. Utafanya nini, na nisipokubali itakuwaje?" Nilidhani daktari atakasirika. La, alivuta kiti, akaketi, akamweleza yote kwa Kiswahili chepesi. Mama akauliza mara mbili, akajibiwa mara mbili. Ndipo akatoa mkono, akatia kidole chake.

Safari hii hakunitazama mimi.

Basi, ndugu, ukimpeleka mzee wako hospitali, usimjibie haraka kama nilivyofanya mimi. Mwulize kwanza, "Umeelewa?" Naye akisema hapana, wewe unayejua kusoma usione haya kuuliza kwa ajili yake.