Haki ya Aliyeangukiwa na Nyumba

Sisi tufundishao watoto Kurani twaijua vyema Sura ya Zilzala, kwani ni katika sura fupi ambazo mtoto huzihifadhi mapema, hata kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Kwa hiyo ardhi ilipotetemeka Mkoani Kagera siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, na khabari ikatufikia huku Lushoto jioni ile ile kwa redio na kwa simu, wanafunzi wetu hawakuuliza tetemeko ni kitu gani. Waliuliza kama Kiama kimeanzia Bukoba. Tukawajibu kuwa Kiama kitakapokuja hapatakuwa na mtu atakayekaa Lushoto kusikiliza khabari zake redioni. Wakacheka, wakarudi katika mbao zao.

La watu wazima halikuwa jepesi hivyo. Siku ile ilikuwa mwezi nane Mfungo Tatu kwa mwandamo wa Makka, mahujaji wakielekea Mina, na kila mtu moyo wake ulikuwa umelainika. Hata hivyo palikuwa na mzee mmoja katika baraza ya msikiti wetu, mtu mwema wa swala tano, aliyesema kuwa watu wa kule wameadhibiwa kwa madhambi yao, na kuwapelekea vitu ni kama kuingilia hukumu ya Mwenyezi Mungu. Wawili watatu wakatikisa vichwa kumkubalia. Maneno kama haya, ndugu wasomaji, husemwa kila yanapotokea maafa, na yana faida moja kwa msemaji: mfuko wake hubaki umefungwa na dhamiri yake hulala usingizi.

Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu, lakini jambo hili halihitaji bahari ya elimu. Imethibiti katika hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) alimhesabu aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo kuwa ni katika mashahidi, pamoja na aliyekufa kwa tauni na aliyekufa maji. Basi mtu ambaye Mtume amempa daraja ya shahidi, sisi tumpe daraja ya mhalifu kwa idhini ya nani? Tena imepokewa kuwa ardhi ilitetemeka Madina katika zama za Sayyidna Umar (R.A.), naye akawaonya watu wa mji wake mwenyewe. Hakusimama kuwahesabia dhambi watu wa mji wa mbali. Onyo la tetemeko humhusu yule aliyesalimika akalisikia. Ama aliye chini ya kifusi, haki yake ni kufukuliwa, na akitoka hai, apewe maji na mahali pa kulala. Tulimwambia mzee wetu hivyo kwa adabu inayostahili mvi zake. Alinyamaza, na siku ya pili akaleta shilingi elfu kumi.

Kwa wale ambao walikuwa wadogo wakati huo, tetemeko lile lilipimwa kuwa la ukubwa wa 5.9, na kitovu chake kilikuwa upande wa Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na nyumba zaidi ya 2,000 zikaanguka, mbali na maelfu zilizopasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Halikuwa la kwanza katika nchi zetu hizi. Desemba 1910, wakati wa Mjerumani, upande wa Rukwa ulitikiswa na tetemeko lililo miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa Afrika. Machi 1966, penye milima ya Rwenzori mpakani mwa Uganda na Kongo, walikufa watu zaidi ya 150 na maelfu ya nyumba yakaanguka. Wataalamu wa miamba watwambia kuwa nchi zetu zimekaa juu ya Bonde la Ufa, ambalo linajipanua polepole, na kila linapojinyosha, miamba hukatika na juu yake nyumba huanguka.

Na hapa ndipo pa kutazamwa. Tetemeko lenyewe huua wachache; muuaji ni ukuta. Wahaya wa zamani walilala katika msonge, nyumba ya miti na nyasi ambayo ardhi ikitikisika nayo huyumba pamoja nayo. Nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa kwa udongo badala ya saruji, haina nguzo wala mkanda wa zege juu ya madirisha, ule ambao mafundi huuita lenta, haijui kuyumba. Yajua kusimama, na yajua kuanguka. Wala hatusemi watu warudi katika msonge. Mtu aliyejenga kwa tofali amejitahidi kuwatoa watoto wake katika moshi na mvujo, na jitihada hiyo ni ya kheri. Twasema tu kwamba tofali lina masharti yake.

Ijumaa iliyofuata tulitangaza mchango. Watu wa milimani hawana fedha nyingi, lakini wana mazao, na kufikia Jumapili baraza ya chuo ilikuwa imejaa viazi, kabichi, maharage na nguo. Katika nguo zile tuliona mambo. Palikuwa na koti lisilo na mkono mmoja. Palikuwa na viatu vya mtoto vyote viwili vya mguu wa kushoto, hata tukajiuliza wenye nyumba hiyo hutembeaje. Mwenyezi Mungu ametukataza kukusudia kilicho kibaya tukakitoa, kitu ambacho sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Tulivitenga vile, na wanawake wa jumuiya wakavigeuza matambara ya kufutia mbao za chuo. Lakini alikuja pia bibi mmoja mjane na kanga mpya, doti nzima, karatasi ya dukani haijatoka. Tulimwambia ya zamani ingefaa. Akajibu kuwa ya zamani anaivaa yeye.

Ama viazi, palizuka mabishano. Kutoka Lushoto hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, na nauli ya mzigo ingezidi bei ya viazi vyenyewe, mbali na vitakavyooza njiani. Tena Kagera ni nchi ya ndizi. Migomba haikuanguka, iliyoanguka ni nyumba. Vijana walitaka viazi viende kama vilivyo, kwani mtoaji amevitoa kwa mkono wake na anapenda vifike. Mwishowe wakaridhika, tukaviuza kwa wachuuzi wanaoteremsha mizigo Mombo, na kila aliyetoa debe akasomewa mbele ya watu debe lake limekuwa shilingi ngapi.

Kusoma hesabu mbele ya watu hakukuwa mapambo. Mwezi ule ule wa Septemba 2016, hayati Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa viongozi wawili wa Kagera kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Sisi si mahakimu, na shauri lile lilikuwa na wenyewe wa kulihukumu. Twaeleza tu lililotokea kwetu: siku khabari ile ilipotoka, sanduku la mchango halikuingia kitu. Mtu mmoja akituhumiwa Bukoba, mama wa Soni hufunga pindo la kanga yake. Amana ikitiliwa shaka, anayelala nje ndiye anayelipa. Tukaandika hesabu yote katika karatasi, tukaibandika penye mlango wa msikiti, na kufikia Ijumaa ya pili sanduku lilianza kulia tena.

Fedha tulimpelekea mwalimu mwenzetu, tuliyesoma naye chuoni utotoni, ambaye siku hizo alikuwa akifundisha Bukoba. Tulimwomba asinunue kitu kabla hajauliza watu. Akatujibu neno ambalo limetukaa mpaka leo. Alisema wiki mbili za kwanza malori yalikuja kwa wingi, watu wakapewa unga, maji, mablanketi na maturubai, na wengine wakapewa biskuti mpaka watoto wakazichoka. Akatusihi tuiweke fedha yetu mpaka malori yatakapokwisha.

Tukaiweka. Na kweli, yalikwisha. Redio ikawa na khabari nyingine, na mvua za Bukoba, ambazo si haba, zikaanza kunyesha juu ya maturubai. Serikali ilikuwa na kazi kubwa ya kurudisha shule, zahanati na barabara. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Serikali ya Uingereza. Januari 2017 Rais alipokwenda Kagera alieleza waziwazi kuwa Serikali haiwezi kumjengea nyumba kila mwananchi, bali kila mmoja ajitahidi kurudisha ya kwake. Wengi waliyaona maneno yale kuwa makali. Makali au si makali, yalionyesha palipo na pengo: baina ya turubai na bati hapana ofisi ya mtu yeyote. Hapo pamebaki jamaa, jirani, na msikiti au kanisa lililo karibu.

Mwalimu mwenzetu akatutajia nyumba moja, ya mama mwenye watoto wanne, aliyekuwa akilala chini ya migomba kwa kuwa ukuta uliosalia ulimtisha kuliko mvua. Chakula anacho, akasema. Alihitaji mabati, misumari na saruji ya msingi. Tulipolieleza baraza, wakaafiki wote. Tulipotaja kuwa mama yule ni Mkristo, wakagawanyika. Wengine walisema waanzwe Waislamu, kwani nao wameangukiwa.

Mjadala ule ulichukua jioni mbili, na hatuoni vibaya kuueleza, kwa maana nyumba nyingi za Waislamu huwa na mjadala huo kimya kimya. Zaka ina watu wake, wametajwa, na hakuna aliyegusa zaka. Hii ilikuwa sadaka, na mlango wa sadaka ni mpana. Bibi Asma binti Abubakar (R.A.) alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, naye akamwuliza Mtume kama amtendee wema, akaamriwa amuunge. Kijana mmoja akasema, huyo alikuwa mama yake mzazi, huyu wa Bukoba ni nani kwetu? Swali lilikuwa la haki. Aliyelijibu ni mwashi mmoja mzee, asiyesoma sana, aliyesema kuwa alipovunjika mguu huko Tanga miaka ile, aliyembeba mgongoni hakumwuliza kama ametawadha. Watu wakacheka, na neno likapita. Mabati yakanunuliwa. Naye mwalimu aliposimamia ujenzi, fundi wa nyumba ile alikuwa Mwislamu na wabeba mawe walikuwa wa kanisani kwake, na Waislamu wawili wa mtaa ule ule wakasaidiwa na kundi lile lile kusimamisha kuta zao. Mama yule ametaka nambari yetu ya simu mara mbili ili ashukuru, na mara mbili tumemwomba mwalimu ampe salamu tu.

Sasa tuseme ya kwetu. Milima ya Usambara haijasifika kwa matetemeko, lakini mlima una njia nyingi za kumwangukia mtu. Novemba 2009, kwa jirani zetu wa Upare, huko Mamba Miamba wilayani Same, mvua ililowesha mlima na udongo ukateremka usiku juu ya watu waliolala. Walikufa zaidi ya 20. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang uliporomosha tope, mawe na magogo hadi mji wa Katesh, wakafa zaidi ya 80. Na sisi ambao hukata kilima ili kupata kiwanja, tukaweka nyumba chini ya ukingo wa udongo mwekundu, kila masika twaona barabara ya Mombo ikizibwa na kifusi. Tukisikia maafa ya wengine hutuma debe la viazi. Ukuta wa kwetu hatuugongi kwa kidole tukasikiliza unalia vipi.

Chuo chetu kina vyumba viwili, na cha juu kimejengwa kwa matofali na udongo, ukuta wake wa nyuma ukiwa umeegemea kilima. Mwaka jana tulimwita mwashi yule yule. Alipita akigonga, akatuonyesha ufa unaoingia kidole, akasema chumba hakina lenta wala mfereji wa kupitisha maji nyuma yake, na humo huketi watoto sitini. Wazazi wengine waliona sanduku la maafa ni la waliofikwa, si la wasiofikwa, na kwa hoja hiyo tukafungua sanduku la pili. Hesabu zake husomwa Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi. Mfereji umechimbwa kwa nguvu za vijana, kazi ya pamoja ambayo Wapare huiita msaragambo. Matofali yamechomwa, nondo zimenunuliwa, na saruji imepungua mifuko sita. Mvua za vuli hukaribia Oktoba. Watoto wa chumba cha juu tumewahamishia barazani, wasomee huko hata kama ni baridi, mpaka lenta ikauke.