Wazee Nao Watume

Mbinga, Jumamosi, 14 Juni 2025

Kahawa imeanza kuvunwa na kibanda changu cha uwakala kimeanza kujaa. Mchana kaja bibi mmoja wa Langiro na mjukuu wake. Sijamaliza kumwamkia Bibi, kijana keshaninyooshea simu na keshaitaja namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Hela imetumwa na binti wa Bibi aliyeko Makambako. Mwenye hela kakaa kwenye benchi, hakuna aliyemuuliza neno.

Nimemwomba kijana apumzike, nikamwita Bibi dirishani. "Sijui kusoma, mwanangu," kasema. Lakini noti anazijua zote, na kwenye mzani wa kahawa humdanganyi. Simu yake ni kitochi, na kitufe cha 5 kina kinundu. Nimeushika mkono wake nikaweka kidole pale: juu yake 2, chini 8, kushoto 4, kulia 6. Akawa anakitafuta kile kinundu, anapanda, anashuka, anarudi. Kidole kilipozoea nikamsomea menyu, nikageuka pembeni, naye akabadilisha namba ya siri mwenyewe. Menyu ilijifunga mara kadhaa kabla hajamaliza. Hilo linaniudhi sana, maana wanaotengeneza menyu hizi wangemwongezea mtu mzima muda kidogo tu wasingepungukiwa na kitu.

Alipokwisha kuzihesabu noti zake akauliza: "Na mimi nikitaka kumtumia yeye, nafanyaje?"

Mbinga, Jumatano, 18 Juni

Swali la Bibi halijanitoka. Kila anayesema anawasaidia wazee na simu huwafundisha kupokea: pokea simu, pokea hela, pokea ujumbe wa kliniki. M-Pesa iko nchini tangu 2008, na wazee wangu wengi hawajawahi kutuma hata shilingi mia tano kwa mkono wao. Wanabipu, halafu wanakaa kusubiri. Mtu aliyelea watoto, akasomesha kwa kahawa, leo anakaa anasubiri kupigiwa.

Asubuhi kaja mama mkubwa mmoja wa Litembo, anataka kusajili laini mpya baada ya simu kupotea. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa, na vidole vyake mashine haivisomi. Nimeviangalia: ncha ni laini kabisa, michirizi imekwisha. Ni mikono ya kilimo cha ngoro hiyo. Kwetu Umatengo wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba, kisha wanawake hushika jembe, huchimba katikati na kuyafukia kwa udongo, mteremko mzima wa mlima, mwaka baada ya mwaka. Tumemnawisha kwa maji ya uvuguvugu, tukamkausha, tukampaka mafuta kidogo, tukajaribu kidole baada ya kidole. Dole gumba la kushoto ndilo lililokubali. Aliondoka amechoka, lakini laini ilikuwa kwa jina lake, si la mkwe wala la jirani. Mwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, siku ya ugomvi hana simu wala akiba.

Mbamba Bay, Jumapili, 29 Juni

Nimeteremka Ziwa Nyasa kumwona shangazi. Ni kilomita 67 za lami sasa, na wazee wa huku wanaokwenda hospitali wanajua thamani yake kuliko mtu yeyote. Joto la ziwani hukupokea hata kabla hujafika chini.

Jioni akina mama wa kioda walikuwa wakifanya mazoezi karibu na mwalo, dagaa wameanikwa pembeni. Shangazi ana miaka 71 na bado anacheza. Simu janja aliyoletewa na mwanawe alikuwa ameifunga kwenye kitenge, anaogopa "kuiharibu". Nikamwonyesha jambo moja tu: kushika alama ya kipaza sauti, kuongea, kuachia. Hakuna kuandika, hakuna kusoma. Binti yake yuko Dar es Salaam na hajaiona kioda tangu aolewe. Mwenzake shangazi akarekodi video ngoma ilipokolea, shangazi akaongeza voisi akimtajia nani yumo, nani ameumwa goti, nani amefiwa.

Jibu lilikuja kabla hatujala ugali. Binti alikuwa analia na kucheka, anaomba nyingine. Hapo hapo kikundi kikaweka siku ya kurekodi, na yule wa goti kasema atakuja acheze akiwa amekaa.

Mbinga, Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, biashara nyepesi. Mzee wa Ruanda kauliza kama hela yake ya Tigo imepotea, maana anasikia Tigo haipo. Nimemweleza jina lilibadilika kuwa Yas mwishoni mwa 2024, hela iko palepale. Miezi yote hiyo alikuwa akiogopa kuigusa.

Kisha kanionyesha meseji: ile hela itume kwenye namba hii. Ni matapeli. Nimemwonyesha namna ya kuipeleka 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli. Kaipeleka mwenyewe, akakaa wima, akauliza kama kuna nyingine ya kupeleka.

Liuli, Jumatano, 13 Agosti

Babu yangu mdogo huisimulia tarehe hii kila mwaka. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika hapa Liuli, Wajerumani walipopaita Sphinxhafen, ikaipiga mizinga meli yao, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Rhoades, nahodha wa Gwendolen, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, na Berndt alimwendea kwa mashua ndogo akifoka, anauliza kama amelewa.

Wajukuu wa Babu wametawanyika Arusha, Mwanza na Songea. Leo kawasimulia wote kwa mpigo kwenye kundi la familia, voisi baada ya voisi, akisimama kunywa maji na kuniuliza kama bando bado lipo. Mimi nilimshikia simu mwanzoni. Baadaye aliichukua.

Maswali yameingia usiku huu. Mmoja anataka kujua watu wa kijijini walikimbilia wapi, mwingine anauliza Sphinx ni nini. La kwanza Babu kalijibu papo hapo kama alivyosimuliwa na baba yake. La pili linahitaji picha ya lile jiwe la bandarini lenye umbo hilo. Anataka kuipiga yeye, kesho asubuhi jua likiwa nyuma yetu, na kanituma nimnunulie bando la wiki.