Safari ya Mashua katika Bahari ya Malta

Sisi tukaao Ukerewe tumezungukwa na maji pande zote, walakini ni wachache miongoni mwetu waingiao majini bila kazi. Mvuvi huingia kwa ajili ya sangara na dagaa. Mwanamke huingia mpaka magotini kuteka na kufua. Msafiri hupanda kivuko huku akiomba afike. Lakini kuingia majini kwa furaha tu, baba na mama na watoto, tena kwa kulipa fedha, ni jambo ambalo wazee wetu wangalilicheka. Basi kwa kuwa wengi wametuuliza habari za mchezo huo, ambao tuliushiriki wakati wa likizo ya Juni, tumeona vema kuueleza kama tulivyouona.

Mahali penyewe ni Malta, visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Mediterania, kusini ya Sicily. Shemeji yetu, mdogo wake mama watoto, ni muuguzi wa wazee huko, naye ndiye aliyetulipia nauli. Visiwa vyote vya Malta pamoja vina eneo la kilomita za mraba 316 tu, ndiyo kusema Ukerewe yetu pekee ni kubwa kuliko nchi ile nzima. Tena ni nchi isiyo na mto hata mmoja wa kudumu, na sehemu kubwa ya maji ya kunywa hutolewa baharini na kuondolewa chumvi kwa mitambo. Mama watoto aliposikia hayo alisema, "Kumbe sisi tunakaa juu ya kisima wala hatujui."

Desturi ya safari hizi ni hii. Mashua huondoka asubuhi na watu wake chini ya turubai, hupita kando ya majabali, na kutia nanga katika ghuba iliyo shwari. Injini huzimwa. Watu hushuka kwa ngazi, au hujirusha, wakaogelea kadiri ya dakika 40. Kisha honi hulia, hupanda wakala, na mashua huenda kwenye ghuba nyingine. Hufanya hivyo mara mbili tatu mpaka jua linapopunga. Hakuna kuvua, hakuna kusafirisha kitu.

Tulipanda saa 4 asubuhi katika gati la Buġibba, upande wa kaskazini. Nahodha alikuwa mzee mfupi, shingo imeiva kwa jua, na kabla hajafungua kamba alipita katikati yetu akimgusa kila mtu begani kwa kidole na kuhesabu kwa sauti. Alipofika katikati ya kumi la kwanza, binti yetu wa miaka 10 alishtuka, kwa maana alisikia maneno ya nyumbani: sitta, sebgħa, na mbele kidogo, disgħa. "Baba," akasema, "mbona anahesabu Kiswahili?" Tukamweleza kwamba Kimalta ni mtoto wa Kiarabu, ingawa huandikwa kwa herufi kama zetu na kimejaa maneno ya Kiitaliano; na sisi sita, saba na tisa zetu tulizipata kwa Waarabu wa pwani. Bahari kwao ni baħar, kitabu ni ktieb, ishirini ni għoxrin. Hesabu ya nahodha iliishia 42, akaiandika kwa chaki katika ubao mdogo uliotundikwa karibu na usukani. Ubao huo tutautaja tena.

Njiani tuliipita ghuba inayoitwa kwa jina la Mtume Paulo, na kisiwa kidogo mlangoni mwake chenye sanamu yake. Wenyeji husema hapo ndipo merikebu yake ilipovunjika. Wataalamu wengine hutaja mahali pengine, nasi hatukwenda kuwaamulia. Msomaji aliye na Biblia na aifungue sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Sura hiyo tumeifundisha shuleni miaka kadhaa, lakini tukiwa juu ya maji yale yale ndipo tulipoyaona vizuri mambo mawili ambayo darasani watoto huyapita upesi wakitaka kufika kwenye nyoka. La kwanza, mwandishi anatoa hesabu ya waliokuwamo merikebuni, nayo ni watu 276. La pili, merikebu ilipokwama, akida aliamuru wajuao kuogelea wajitupe kwanza, na wengine wafuate juu ya mbao na vipande vya merikebu. Na wote wakafika nchi kavu.

Sasa imetupasa kueleza kwa nini mama watoto alikuwa ameketi katikati kabisa ya mashua, ameikumbatia nguzo ya turubai kwa mikono miwili. Yeye ni mzaliwa wa Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea jamaa zao. Walikufa watu zaidi ya 200, na mmoja wao alikuwa shangazi yake, aliyekuwa akirudi kutoka gulioni. Siku zile hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni wangapi waliopanda. Hesabu ilipanda kila siku kadiri miili ilivyotolewa, na watu wakakaa ufuoni wasijue kama wamngoje mtu wao au wamwombolezee. Na kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya watu. Sisi tulikuwa watoto wadogo, nasi twakumbuka kwamba tangu mwezi ule mama zetu walitukataza hata kuchezea mchangani. Ongeza mamba, ongeza na konokono wa kichocho wakaao kwenye maji yaliyotulia penye magugu, utafahamu kwa nini wengi wa rika letu walizaliwa kisiwani na hawajui kuogelea.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: tumelipiwa nauli ili tuogelee, na katika nyumba yetu hakuna aogeleaye.

Ghuba ya kwanza ilikuwa ya Comino, kisiwa kidogo cha kilomita za mraba tatu na nusu, kati ya Malta na Gozo. Majabali yake ni ya mawe ya chokaa, meupe yanayoelekea manjano, na juu yake umesimama mnara wa ulinzi uliojengwa mwaka 1618. Maji yalikuwa safi hata tuliuona mnyororo wa nanga ukishuka pingili kwa pingili mpaka mchangani. Jambo hilo halikumpendeza mama watoto hata kidogo. Ziwani kwetu huoni kina. Pale ulikiona chote.

"Mama, niende?" binti akauliza.

"Hapana."

Shemeji akasema, "Dada, mimi nilianza kuingia maji haya nikiwa na miaka 32, nami nalilia kama mtoto. Huyu atavaa jaketi la kuokolea. Mimi nitakuwa mbele yake, na baba yake nyuma."

"Na baba yake anajua nini?"

Tukanyamaza, kwa maana lilikuwa swali la haki.

Mama watoto hakusema neno tena, bali alikuwa akitazama. Aliona nahodha akizima injini na kuutia ufunguo mfukoni. Aliona kijana wa mashua akishusha mtumbwi mdogo wa mpira na kukaa ndani yake upande wa nje, ili asiwepo mtu wa kwenda mbali kumpita yeye. Kamba ndefu yenye maboya ilitupwa nyuma ya mashua, ya kushikwa na atakayechoka. Majaketi ya watoto yalifungwa kifuani, tena mkanda mmoja ukapitishwa kati ya miguu ili yasipande mpaka kichwani. Na mwanamume mmoja mwenye majivuno aliyetaka kujirusha kutoka juu ya paa alishushwa kwa maneno makali, kwa kuwa hakuangalia kwanza kama kuna mtu chini. Hatimaye akamwambia mdogo wake, "Muulize yule mzee. Wakipanda, atajuaje kama wamepanda wote?"

Shemeji akauliza. Nahodha hakujibu kwa maneno mengi. Aliugonga ule ubao wa chaki kwa kidole, akauonyesha mfuko wenye ufunguo. Maana yake ilikuwa kwamba anahesabu kila kituo, na injini haiwaki mpaka wametimia 42.

Mama watoto akaitazama ile chaki kwa muda. "Basi na aende," akasema. "Mpaka kwenye kamba tu."

Hivyo tukashuka. Ya kwetu sisi hayana haja ya kusimuliwa. Itoshe kusema kwamba tulimeza maji kiasi, nayo ni machungu kwa chumvi. Lakini mtoto alipoiachia ngazi alibaki palepale juu ya maji, mikono ameinyosha, akapiga kelele: "Mama, yananibeba!" Nalo ni kweli, wala si jaketi peke yake. Katika kila kilo moja ya maji ya bahari ile mna chumvi kadiri ya gramu 38, zaidi ya bahari kuu, ambayo huwa na gramu 35. Sababu ni kwamba jua hunyonya maji mengi kuliko yanayoletwa na mvua na mito, na mlango wake mkubwa wa kupokea mengine, pale Gibraltar, una upana wa kilomita 14 tu mahali palipo pembamba. Maji mazito kwa chumvi huubeba mwili vizuri kuliko maji matamu. Kwa ajili hiyo mtu aliyejifunza kuogelea baharini asije akajiamini siku ya kwanza ziwani. Ataona maji yamelegea chini yake.

Jambo jingine tulimwambia mtoto usiku, naye akakataa kulala mpaka tumechora ramani. Maji ya ziwa letu hutoka Jinja, yakashuka na Nile maelfu ya kilomita, na yale yasiyokaushwa na jua wala kuzuiwa na Bwawa la Aswan huishia katika bahari ile ile aliyoogelea.

Kituo cha pili ndicho chenye sifa, nao hukiita Blue Lagoon, yaani wangwa wa buluu, kati ya Comino na kisiwa kingine kidogo. Rangi ya maji yake ni nzuri kweli. Lakini mashua zilikuwa nyingi, kila moja na muziki wake, na ufuoni viti vimepangwa hata huoni mwamba. Watu walipazidia mahali pale mpaka serikali, mwaka 2025, ikaweka sharti la kujiandikisha kabla ya kushuka. Sisi hatukupapenda. Tulichojifunza pale ni kutoka kwa yule kijana wa mtumbwi, aliyezunguka kutafuta mchanga mtupu wa kutilia nanga, akikwepa majani marefu yaliyoota chini. Hayo huitwa Posidonia, nayo si mwani, bali ni mmea wenye maua na mizizi. Samaki wadogo hukulia humo kama sato wetu wanavyokulia kwenye matete. Nanga ikiyang'oa, huchukua miaka mingi kurudi. Tuliona pia konyeza mmoja wa rangi ya zambarau, yule mnyama laini kama ute wa yai, awashaye kama upupu. Watoto wakaitwa wote juu mpaka alipopita.

Wakati wa kula, shemeji alituambia jambo kwa sauti ya chini, watoto wasisikie. Mwezi wa Aprili mwaka 2015 chombo kilichojaa watu waliotoka Libya kwenda Italia kilizama usiku katika bahari ile ile. Waliokufa walikuwa mamia, na inakadiriwa walizidi 800. Wengi walikuwa wametoka nchi za Afrika. Miili 24 ililetwa Malta, ikazikwa katika makaburi ya Addolorata bila kujulikana majina. Shemeji amekwenda huko na maua. Hata leo idadi ya waliokuwamo ni ya kukisia.

Mama watoto aliuweka mkate chini. "Hao nao hakuna aliyewahesabu walipopanda," akasema.

Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumekaa juu ya maji yale yale, watoto wetu wamejifunga mataulo, vinywa vimejaa tikiti maji.

Kituo cha tatu kilikuwa ghuba tulivu upande wa Malta, jua limeanza kuteremka. Mashua nyingine haikuwapo. Binti akaenda kwenye kamba bila kuuliza, na mdogo wake wa miaka 6 akashikwa na shemeji mabegani. Ndipo mama watoto alipovaa jaketi, akalifunga mwenyewe, akavuta kila mkanda mara mbili, akashuka ngazi akitupa mgongo. Alisimama kwenye kipandio cha mwisho, maji yamemfika kiunoni, mkono mmoja haukuiacha ngazi. Alikaa hivyo mpaka honi ilipolia. Tulipomwuliza kama angependa ziwani kwetu tutafute mahali pasipo magugu wala mamba, watoto wafundishwe, alijibu, "Yale ni maji mengine," na mpaka leo tunapoandika bado tunashauriana.

Nahodha akahesabu, akatimiza 42, akatoa ufunguo.

Wiki iliyofuata tulikuwa Mwanza, tukapanda kivuko cha kurudi nyumbani. Binti yetu alisimama karibu na mlango, akaanza kuwagusa abiria mmoja mmoja kwa kidole: wieħed, tnejn, tlieta. Wengine walicheka, mama mmoja mwenye kuku akamwuliza kama amepagawa. Mzee mmoja wa Nansio hakucheka. Alimwuliza, "Umefika wangapi, mama?" Akasema amefika 63, lakini watu wanatembeatembea wamemchanganyia hesabu. Mzee akapaza sauti akawaomba watu waketi, na mtoto akaanza upya.