Chura Wetu

Kisha mto Mulongwe kufurika hapa Uvira mwezi wa 4, 2020, tulipata chura mlangoni, tukamufuga ndani ya kartoni. Mgongo wake ulijaa vipele na madoa ya kahawia; nyuma ya macho alivimba. Siku moja ngozi ikaanza kutoka. Tukasema: «Huyu ana ukoma!» Tukamupakaa chumvi. Asubuhi alikuwa amekufa.

Mwalimu akatufunza: vipele na madoa ni vazi lake, uvimbe ule ni tezi za sumu, ngozi yeye huivua na kuila. Ugonjwa ni tumbo kuwa jekundu, vidonda, kukataa chakula. Tena chura hunywa maji kwa ngozi, chumvi inamukausha.

Basi hakuwa mugonjwa. Tulimuua sisi. Wandugu, tuulize mbele ya kutibu.